Tovuti ya Maulidi Imejaa

Jumatano, 13 Agosti 2025

Alhamdulillahi, nimeamka mzima hapa Masasi. Mgongo tu ndio unanung'unika.

Nuria kapiga simu kutoka Mtwara baada ya adhuhuri. Kisa? Alikuwa anapika, akataka amsikilize baba yake, tovuti ikakataa. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, basi. Nikamwambia labda huko kwenu kuna ukungu. Akacheka mpaka akapaliwa – mama, ukungu uko kwenu Newala ulikozaliwa, Mtwara tunachemka!

Mimi nilidhani ni simu yake. Nimejaribu ya kwangu, nayo inazunguka.

Tovuti yenyewe ina nini? Kaseti za marehemu Salmini wangu, baba yake Nuria. Maulidi aliyosoma miaka yote, Chiungutwa, Nanganga, Newala, popote alipoitwa. Namwona mpaka leo anavyotoka hapa na baiskeli, redio-kaseti kaifunga nyuma kwa mpira, kaifunika khanga yangu isiingie vumbi. Betri zikichoka anazianika juu ya bati, anazigonga-gonga, zinafufuka kidogo. Na alikuwa harekodi kisomo peke yake. Akibonyeza kabonyeza! Watu wanaamkiana, wanagombea mkeka, wanatafuta viatu, vyote vimo.

Alipofariki kaseti zilikuwa zimejaa makapu. Mpangaji wangu Mwalimu Justa ndiye aliyezihamishia kwenye kompyuta. Anafundisha kompyuta sekondari, mtu wa Bukoba, Mkristo, roho yake nyeupe. Akasema tuziweke mtandaoni, walio mbali wasikie. Tukachukua kwa kampuni ya tovuti kifurushi cha mwezi, kidogo kuliko vyote. Nani angekuja? Sisi wa nyumbani tu, nilidhani.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Leo Mwalimu hakuwa na vipindi. Nikamkalisha barazani, chai ya tangawizi na njugu mawe. Anazipenda njugu mawe, ila ugali wetu wa muhogo mpaka leo anautazama kama mgeni asiyemfahamu.

Akafungua laptopu. Nikamwuliza moja kwa moja: tuchukue kifurushi kikubwa?

Akasema taratibu, Mama Nuria. Kifurushi ni kama chumba nilichompangisha. Kina nafasi ndani, na kina mlango. Nafasi ni ya vitu vinavyokaa, mlango ni wa watu wanaopita. Ati wako watu wanahamia jumba, kumbe shida yao ni kochi lililokaa mlangoni!

Na kweli, kochi lilikuwepo. Kaseti nyingine tumeziweka mara mbili. Zile picha zangu za msikiti wa Chiungutwa, nilizozitaka kubwakubwa, nzito kama mawe ya kusagia. Kaahidi kuzipunguza uzito. Halafu tungoje. Kama wanaojaa ni wageni wa siku ya sherehe, wataondoka na tutabaki na chumba chetu. Kama ni watu waliohamia, basi tena.

Nimependa anavyosema. Hana haraka ya kunitoa fedha.

Jumanne, 19 Agosti 2025

Asubuhi imefunguka mara moja! Nikaweka kaseti ya Newala, nikawa nachambua kisamvu huku nasikiliza. Mwanzoni kabisa kuna ndoo zinagongana. Wanawake wanaleta maji ya pilau. Ndoo tu – nikajikuta nimeacha kuchambua.

Maji ya Newala! Tulikuwa tunateremka bonde wasichana watupu, kiza bado hakijatoka, tunaimba ili tusiogope. Kupanda ndiyo kazi. Ndoo kichwani, pumzi shingoni, na ukungu unakulowesha kabla hujafika. Siku walipotuletea bomba pale juu watu walilia. Mama yangu alilia.

Halafu bomba nalo likaanza kutushinda. Mama hakuwa mtu wa kusema tu. Foleni ya sikukuu alikuwa haihesabu, sikukuu kila bomba lina foleni. Alikuwa anakwenda siku ya kawaida, Jumanne hivi, jua la utosini, saa ambayo hakuna mtu mwenye akili anayetoka. Akikuta ndoo zimepangwa hata saa hiyo, anarudi anatuambia: bomba limetushinda, wanangu, twende tukaseme kwa mwenyekiti.

Leo ni Jumanne. Jua la utosini nikaifungua tena ile tovuti.

Kiduara kinazunguka. Ndoo zimepangwa.

Jumatatu, 25 Agosti 2025

Mwezi umeandama. Mfungo Sita umeingia, mwezi aliozaliwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Mji mzima unanukia udi, na mikorosho nayo haijamaliza maua yake.

Tovuti mahututi. Picha zimepunguzwa, kaseti za kujirudia zimetolewa, na bado inahema.

Alasiri kaja Shemeji Yunusi. Ni kaka mkubwa wa Salmini, ndiye aliyekuwa anapokea kasida mdogo wake akichoka. Sasa ndiye baba wa ukoo. Shikamoo shemeji. "Marahaba Mama Nuria. Nasikia huo mtandao wenu umevimbiwa." Kauli zake hizo!

Nikamweleza yote. Akanywa chai, akafikiri, akasema dawa ni kukata. Kibaki kisomo, basi. Mtu anakohoa, jogoo anawika, mtoto analilia wali, wanawake wanacheka na sauti zao ziko nje dunia nzima inasikia – hayo nayo ni Maulidi?

"Mtu akiingia msikitini anaacha viatu nje. Hizo porojo ni viatu. Viache nje."

Nikamwuliza, shemeji, umeshazisikiliza?

"Nilikuwepo! Nisikilize nini?"

Ana simu ya kitochi, kile cha tochi juu. Hakijui mtandao, na mwenyewe anajivunia.

Mwalimu Justa aliporudi nikamwuliza. Mkweli yule, hakunificha. Akasema tukikata sehemu zote zisizo kisomo, kifurushi kidogo kitatosha na kubaki. Uamuzi ni wenu wenye kaseti.

Nuria naye kasema malipo yasiniumize kichwa, atalipia yeye. Kwa hiyo kikwazo fedha siyo. Ni neno la Shemeji. Siwezi kumpita baba wa ukoo nikafanya langu, na hasemi kwa ubaya. Nikamwomba anipe mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya sikukuu yenyewe. Kakubali.

Sikumwambia kitu kimoja. Katika kaseti moja ya Nanganga, kabla hawajaanza, Salmini anaita: "Mama Nuria! Limao liko wapi? Koo limekauka." Mimi namjibu kwa mbali, mfukoni kwako mwenyewe! Watu wanacheka. Ndiyo hiyo tu.

Wakikata, kisomo kitabaki. Kisomo ni cha Mtume, na ni cha wote. Cha kwangu ni limao.

Ijumaa, 29 Agosti 2025

Imezimwa.

Nimetoka kuswali, nafungua, pametokea ukurasa mweupe na maneno ya Kizungu. Mwalimu kasema kiasi chetu cha mwezi kimekwisha. Kampuni haina kosa, ilituonya mapema, yeye ndiye hakufungua baruapepe kwa sababu ya mitihani. Kajilaumu, maskini. Nikamwambia mwanangu, wewe umebeba kaseti za watu wasio ndugu zako wala dini yako, uombe radhi ya nini?

Itafunguka mwezi ukibadilika. Au tukikuza kifurushi.

Nyumba kimya. Sikujua kama nimeizoea tovuti hivi.

Jumapili, 31 Agosti 2025

Yaliyotokea leo! Nikiyakumbuka nacheka peke yangu.

Kwetu nyumba ikipata msiba kinachonyamaza kwanza ni redio. Kila mtu anajua. Ukipita kwa mtu anayepiga redio kutwa, ukakuta kimya, unauliza ni nani.

Basi wifi yangu Faidha wa Chiungutwa, muuza vitumbua, kila siku anafungua tovuti yetu pale kibandani pake, wateja wanasikiliza. Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Kanipigia, simu yangu imekwisha chaji. Kapiga tena, haipatikani. Basi! Akajifunga khanga, akawakusanya wenziwe, wakaja Masasi.

Niko uani nasonga ugali nasikia kilio kinaingia getini. Nimetoka mbio, mwiko mkononi. Nani? Nani jamani? Na wao wananiuliza mimi, nani? Nani?

Faidha akaniona. Akasimama. "Wifi! Kumbe uko hai?"

"Niko hai, nasonga ugali!"

"Sasa nani kafa?"

"Kifurushi!"

Wakakaa chini palepale vumbini, wakacheka na machozi bado yanatoka. Wamekuja na unga wa muhogo na kuni, yote ya msibani. Dastani wa bodaboda aliyewaleta na wenzake kasimama kanuna: "Mimi bei niliyowafanyia ni ya msiba. Kama hakuna maiti tuelewane upya." Faidha akamwambia, kaa ule, ukishiba tutaona kama utadai. Akala. Hakudai.

Unga tumeusonga huohuo, na kisamvu. Uani pamejaa kama zamani, Salmini akirudi na wasomaji wenzake wamechoka, wanaulizana nani kakosea ubeti.

Wakati wa kuosha vyombo nikamwuliza Faidha, hivi wewe kisomo gani unachokipenda hasa? Akasuguasugua sufuria lililokwisha takata. Akasema, "Wifi, nisikudanganye. Mimi nafungua ile kaseti ya kwetu, mwanzoni. Mathias fundi baiskeli anauliza bei ya wali, halafu marehemu mume wangu anaomba kiberiti. Anasema nani ana kiberiti? Basi. Nafunga. Kesho nafungua tena."

Nikamwambia sufuria hilo limetoboka sasa.

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mwezi umebadilika, tovuti imefunguka yenyewe. Nimelia. Utu uzima huu.

Mwalimu katoka shule moja kwa moja kaja na laptopu. Kanionyesha vijiti vyekundu, kimoja kirefu, kingine kifupi, ndivyo wanavyojua watu wamesikiliza wapi. Alikuwa na wasiwasi kwamba kuna kilichoharibika. Watu wanafungua kaseti, wanasikiliza mwanzo tu kabla hata ya bismillahi, wanafunga. Halafu wanafungua tena palepale. Mara nyingi mno. Ndiyo inayomaliza kiasi chetu. "Mama Nuria, hii haina akili. Mtu gani anasikiliza watu wakitandika mikeka?"

Nikamweleza habari ya kiberiti.

Akavitazama tena vile vijiti. Halafu akasema jambo nililoliandika hapa lisinipotee: tukikata, kifurushi kidogo kitatosha kweli, lakini kitatosha kwa sababu watu watakuwa wameacha kuja. Hilo si kupona. Na hawa si wageni wa sikukuu, hawa wamehamia. Kwa maoni yake, tukuze.

Nikampigia Shemeji jioni kabla ya magharibi, nikamweleza vizuri, pole pole. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu:

"Kwa hiyo umenithibitishia mwenyewe. Hawaji kwa Mtume. Wanakuja kwa viatu."

Jumatano, 3 Septemba 2025

Neno la Shemeji limenilalia moyoni kama jiwe.

Nimeswali adhuhuri nikabaki mkekani. Ya Rabbi, Wewe ndiye unayejua. Kama nimemfanya mume wangu kuwa kibla, nisamehe. Salmini mwenyewe asingependa. Alikuwa akimaliza kusoma, mtu akimsifu sauti, anatazama chini – sauti amenikopesha Mwenyezi Mungu, ataichukua. Na kaichukua kweli. Iliyobaki ni ile kwenye utepe.

Lakini nikafikiri pia. Faidha akifungua kwa ajili ya kiberiti, wateja wake wanaosubiri vitumbua wanasikia kisomo, maana hawahi kufunga kila mara, mikono ina mafuta. Si haba. Na wale waliokuja na unga waliletwa na nini? Si mapenzi? Na Mtume alituachia nini kama si hayo?

Sijui. Mimi nimeishia darasa la saba, na madrasa yangu ni ya utotoni. Shemeji ana elimu.

Nimeamua hivi. Kabla ya kukata nizisikilize zote zinazokatwa. Mtu hatupi kitu cha marehemu bila kukitazama. Nimeanza leo na za karibuni, kesho nitamaliza za zamani kabisa, zile za kabla sijazoea kuitwa Mama Nuria.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Tovuti imeanza tena kuhema, na mwezi ndio kwanza umeanza. Kesho ni sikukuu. Mwalimu Justa yuko mjini, kwenye stesheneri yenye mtandao wa nguvu, anangoja neno langu. Kasema akianza alasiri hii, kesho watu wote wataingia bila kusukumana. Lakini lazima ajue, anahamisha kaseti zote nzima kwenye kifurushi kikubwa, au anakata na tunabaki kwenye kidogo. "Nipigie tu Mama, neno moja."

Asubuhi nilimalizia za zamani. Utepe mchovu, sauti zinayumba kama zimo ndani ya mtungi. Ipo moja ya Nanganga, nyumbani kwao Salmini, Nuria ni mchanga mgongoni kwangu. Watu wanaingia, mbuzi analia. Halafu mwanamke mtu mzima anaita. Si mimi, wala si jirani. Nikarudisha. Nikarudisha tena.

Bi Pili! Mama mkwe wangu! Alifariki mwaka uleule, masika yalipoanza. Hana picha hata moja. Alikuwa hapendi picha.

Shemeji kaja baada ya kuswali alasiri, kanzu imepigwa pasi, kwa ajili ya jibu. Shikamoo. Marahaba. Haya, Mama Nuria, mmekata?

Nikamwambia shemeji, mimi nitafanya utakalosema. Wallahi sitakupinga. Lakini nimezisikiliza zote kabla ya kukata, kimebaki kipande kimoja nashindwa mwenyewe, naomba unikatie wewe. Nikabonyeza, nikampa simu.

Akaishika mbali na sikio, kama mtu aliyepewa kuku asiyemtaka.

Mbuzi. Watu. Halafu: "Yunusi! Yunusi we! Njoo ule kwanza, utasoma na njaa?"

Shemeji alikuwa anarekebisha kofia. Mkono ukabaki kichwani.

Kwenye kaseti hakuna anayemjibu. Yunusi wa siku ile labda alikuwa nje na wenziwe, au alisikia akapuuza, vijana ndivyo walivyo. Bi Pili anaita tena, anaguna, anasema "mtoto huyu!", halafu Salmini anapiga bismillahi.

Akanyoosha simu kwangu. Nikanyoosha mkono kuipokea, akairudisha kwake. "Irudishe nyuma kidogo," akasema. Si sauti yake ya siku zote.

Nikairudisha. Akaiweka sikioni safari hii.

Katikati yake simu ikaita, Mwalimu Justa. Sauti ikakatika. Shemeji akanitazama, macho yamemtoka: "Mama Nuria, amekwenda wapi?"

Nikamkatia Justa. Mungu anisamehe, yule mtoto anangoja kule stesheneri kwa ajili yetu. Nikamwekea tena, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikaingia ndani. Si vizuri kumkodolea mtu mzima macho wakati kama ule.

Ndiyo niko ndani naandika. Chai yake inapoa. Jua limeanza kuegemea, stesheneri itafungwa, na simu ya kumpigia Justa ndiyo hiyo anayo. Siendi kumnyang'anya. Naisikia inaanza upya, mbuzi, watu, na Bi Pili anamwita.

Na Shemeji Yunusi, peke yake pale barazani, anaitika: "Naam, mama."